Meli Iliyopotea Bila Kujua

Mashariki ya Marekani, mbele ya pwani ya Massachusetts, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Nantucket. Zamani watu wake walijulikana duniani kote kwa kuvua nyangumi. Kusini na mashariki ya kisiwa hicho bahari si ya kuaminiwa. Chini ya maji yamelala mafungu ya mchanga, mikondo ina nguvu, na wakati wa joto ukungu hushuka mzito hata mtu aliye mbele ya meli hawezi kuonwa na mwenzake aliye nyuma. Na hapo hapo ndipo zipitapo meli nyingi ziendazo New York na Boston.

Katika maji hayo yametukia mambo mawili ambayo mabaharia wa dunia nzima wamefundishwa kuyakumbuka. La kwanza ni la mwaka 1956, nalo liliua watu 51. La pili ni la mwaka 1995, wala halikuua mtu hata mmoja. Tutayaeleza yote mawili, lakini tutakaa zaidi na lile la pili, kwa sababu lile lisiloua ndilo lifundishalo zaidi.

Msomaji akaaye Bukavu au Kindu aweza kutuuliza: Bahari yatuhusu nini sisi watu wa bara? Tunamjibu kwamba vitambaa, vyuma na dawa zinazotufikia kwa njia ya Mombasa, Dar es Salaam au Matadi zote zimevuka bahari, na ya kuwa watu waliozileta walikesha usiku mbele ya vyombo vya umeme wakiulizana, "Tuko wapi?" Tena, kijana aliye na simu mfukoni, simu imwonyeshayo kwa alama ndogo ya buluu mahali asimamapo, anatumia chombo kile kile kilichoipoteza meli tutakayoisimulia.

*

Usiku wa tarehe 25 Julai 1956 meli ya Waitalia, jina lake Andrea Doria, ilikuwa ikikaribia New York ikitoka Genova. Ndani yake walikuwamo watu 1,706, abiria na mabaharia pamoja. Ilikuwa fahari ya taifa lake, imepambwa kwa picha na sanamu, na kanisa dogo lilikuwamo ndani yake. Siku ile ile meli ya Waswedi, Stockholm, ilikuwa imeondoka New York kurudi kwao Göteborg. Andrea Doria ilikuwa ndani ya ukungu. Stockholm ilikuwa bado nje yake. Na meli zote mbili zilikuwa na rada.

Wanafunzi wengi wanajua rada ni nini, lakini tuikumbushe kwa maneno machache. Rada hutupa mawimbi ya redio mbele yake. Mawimbi yakigonga kitu hurudi kama mwangwi wa sauti urudivyo toka mlimani, na katika kioo huonekana nukta ya nuru. Kwa hiyo baharia aliye gizani au katika ukungu huona meli ya mwenzake iliyo mbali maili nyingi. Ni zawadi kubwa. Lakini nukta ile yasema jambo moja tu: kitu kipo pale, sasa. Haisemi kinakwenda wapi. Atakaye kujua hayo hana budi kuandika mahali pa nukta katika karatasi, kungoja dakika chache, kuandika tena, na tena, kisha kupiga mstari. Katika Andrea Doria mstari huo haukupigwa. Waliitazama nukta, wakakadiria kwa macho. Wala mwendo wa meli haukupunguzwa ila kidogo sana: ilikwenda karibu maili za bahari 22 kwa saa ndani ya ukungu ule.

Basi, nahodha wa Waitalia aliamini kwamba meli hizi mbili zitapishana kuume kwa kuume. Ofisa kijana wa Waswedi, aliyekuwa na zamu peke yake, aliamini kwamba zitapishana kushoto kwa kushoto. Kila mmoja alifanya lile lililokuwa la akili kwa mtu aonaye alichodhani anaona: Mwitalia aligeuza kidogo kushoto ili kuongeza nafasi, Mswedi aligeuza kuume kwa sababu ile ile. Walipoonana taa kwa macho, nafasi ilikuwa imekwisha. Yapata saa tano na dakika kumi usiku pua ya Stockholm, iliyoimarishwa kwa ajili ya barafu, ikaingia ubavuni mwa Andrea Doria.

Watu 46 wa Andrea Doria walikufa, na mabaharia watano wa Stockholm. Meli ya Waitalia ililala upande mara moja, hata mashua za kuokolea za upande wa kushoto hazikuweza kushushwa. Mapadri waliokuwa miongoni mwa abiria waliwapa wenzao maondoleo. Na tusisahau jambo hili jema: meli ya Wafaransa, Ile de France, iliyokuwa imekwisha kupita kwenda Ulaya, iligeuka na kurudi. Ilipofika karibu, nahodha wake aliamuru taa zote ziwashwe toka mbele hata nyuma, ili walio majini na walio melini waone kwamba wokovu umefika. Ilichukua watu 753. Asubuhi Andrea Doria ikazama, saa kumi na moja baada ya pigo.

Nani alikosa? Makampuni mawili yalipatana pasipo kungoja hukumu, kwa hiyo hakuna mahakama iliyotamka. Wengine wamesema ofisa wa Waswedi aliisoma rada kwa kipimo kisicho chake, akadhani meli iko mbali kuliko ilivyokuwa. Wengine wanakataa. Sisi hatutahukumu. Lakini mabaharia walijipatia neno jipya la uchungu: "mgongano uliosaidiwa na rada". Mwaka 1960 mataifa yalipokutana London, waliongeza katika kanuni za bahari mashauri juu ya matumizi ya rada. Kanuni za mwaka 1972, ambazo ndizo zishikwazo hata leo, zinakataza kabisa kujenga dhana juu ya habari haba, na rada inatajwa humo kwa jina lake.

*

Twende sasa kwa chombo cha pili. Rada humwambia baharia wenzake wako wapi. GPS humwambia yeye mwenyewe yuko wapi.

Juu yetu, kilometa 20,200 kutoka ardhini, vinazunguka vyombo visivyopungua 24 vilivyorushwa na Waamerika. Kila kimoja kimechukua saa ya ajabu, isiyopoteza hata sehemu ndogo ya sekunde, nacho hutangaza bila kuchoka, "Sasa ni saa fulani, nami nipo mahali fulani." Kipokezi kilicho melini hulinganisha saa ambapo neno lilitumwa na saa lilipopokelewa, kikajua umbali. Kikivisikia vyombo vinne pamoja, kinaweza kutaja mahali pake. Wanafunzi wapendao hesabu wajaribu hii: mawimbi ya redio yanakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, je, meli itakosea kwa mita ngapi? Watapata 300. Hapo wataelewa kwa nini saa zile zinagharimu fedha nyingi.

Chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya majeshi, kisha kikafunguliwa kwa watu wote. Warusi, watu wa Ulaya na Wachina nao walirusha vyao. Kabla ya hapo, baharia aliyekuwa kati ya bahari alingoja jua au nyota, akapima kimo chake kwa sekstanti, akakaa mezani na vitabu vya hesabu. Mawingu yakikaa siku tatu, siku tatu alikuwa akikisia. Ni nani asiyeona jinsi maisha ya watu wengi yalivyookolewa na GPS? Sisi hatumo katika wale wanaocheka kila kitu kipya.

Mwaka 1995 Waamerika walitangaza kwamba GPS imetimia na iko tayari kabisa. Mwaka huo huo ikatukia habari ya Royal Majesty.

*

Royal Majesty ilikuwa meli ya watalii, yenye bendera ya Panama. Adhuhuri ya tarehe 9 Juni 1995 iliondoka St. George's katika kisiwa cha Bermuda kurudi Boston. Watu 1,509 walikuwa ndani yake. Hali ya hewa haikuwa mbaya. Maofisa walikuwa wanaume wenye ujuzi. Chumba cha usukani kilikuwa na vitu vyote ambavyo fedha iliweza kununua wakati huo: GPS, mashini ya kushika usukani yenyewe, iliyoiongoza meli juu ya mstari uliochorwa tangu bandarini, rada, mashini ya kupima kina cha maji, tena chombo cha pili cha kujua mahali, kiitwacho Loran-C, kilichosikiliza milingoti ya redio iliyojengwa nchi kavu.

Antena ya GPS ilikuwa imewekwa juu ya paa la chumba cha usukani, na waya wake ulilazwa wazi mahali ambapo mguu wa mtu ungeweza kuugusa. Yapata saa moja baada ya kuondoka bandarini, waya ule ulichomoka katika antena.

Msomaji atafikiri kwamba mashini ilinyamaza. Laiti ingenyamaza! Mashini iliyokufa haidanganyi mtu. Kipokezi kile kilitengenezwa kwa namna nyingine: kikikosa sauti za mbinguni, kilianza kufanya hesabu ya kukisia. Tuieleze hesabu hiyo kwa mfano wa kwetu. Mtu akitoka Uvira usiku kwa mashua kwenda Kalemie, naye ajua mwendo wake na upande aliouelekea, aweza kuzidisha mwendo kwa saa na kusema, "Kwa hiyo tumefika hapa." Lakini upepo wa ziwa humsukuma, na mkondo humchukua, na hesabu yake haijui lolote juu ya hayo. Kila saa ipitayo uwongo unakua kidogo. Mvuvi wa Tanganyika analijua jambo hilo, ndiyo maana kukipambazuka hutazama milima.

Kipokezi kilitoa mlio wa hatari, uliodumu kwa muda wa sekunde moja. Hapana aliyeusikia, au aliyeusikia hakuutia moyoni. Kisha kwenye kioo zikatokea herufi tano ndogo, DR na SOL, zenye maana ya kwamba mashini sasa yakisia na ya kuwa haina tena habari za kweli. Herufi hizo zilikaa pale usiku kucha na mchana kutwa. Na pembeni yake tarakimu za mahali ziliendelea kubadilika sawasawa, nzuri, zenye hakika, mpaka sehemu ndogo ya maili.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mashini ya usukani ilikuwa imeagizwa kuilinda GPS. Yenyewe nayo ilifanya hesabu ya kukisia, ikalinganisha hesabu yake na neno la GPS, tayari kupiga kelele kama yakitofautiana. Lakini GPS nayo sasa ilikuwa ikikisia, kwa mwendo ule ule na kwa upande ule ule. Basi maneno yao yalilingana kila mara. Mashahidi wawili walisema neno moja kwa sababu kwa kweli walikuwa shahidi mmoja.

Wasomaji wetu wanaikumbuka habari ya Susana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili walimshtaki, na maneno yao yalipatana, na watu wote wakaamini. Danieli alifanya nini? Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake ni mti gani. Katika Royal Majesty hapakuwa na mtu aliyewatenga mashahidi. Shahidi wa tatu, Loran-C, alikuwapo karibu, naye alijua kweli muda wote ule. Hakuulizwa kama ilivyopasa. Maofisa walizoea kumhesabu kuwa wa akiba tu, wa kuitwa GPS itakapokufa. Na GPS, kwa macho yao, haikuwa imekufa.

Upepo ulitoka upande wa mashariki, ukaisukuma meli polepole kuelekea magharibi, yaani kuelekea mafungu ya mchanga ya Nantucket. Kila saa ofisa wa zamu aliandika mahali katika ramani, akitoa tarakimu kwenye GPS. Mstari katika ramani ulikuwa umenyoka vizuri sana.

*

Jioni ya tarehe 10 Juni ofisa mkuu alingojea kuliona boya liitwalo BA, lililowekwa mwanzoni mwa njia ya meli ziendazo Boston. Kabla ya saa moja aliona nukta katika rada, karibu na saa ile aliyoitazamia na mahali alipopatazamia. Aliridhika. Kwa macho hakulitambua, kwa kuwa jua la jioni lilimwangaza usoni. Lakini lile halikuwa boya BA. Lilikuwa boya jingine, lililo mbali na BA maili nyingi upande wa magharibi, la kuonya juu ya hatari. Kwa bahati mbaya lilikaa hasa pale ambapo moyo wake ulitaka boya liwe.

Saa mbili usiku ofisa wa pili alipokea zamu. Wakati huo wavuvi wasemao Kireno walikuwa karibu katika mashua zao. Waliiona meli kubwa yenye taa nyingi ikipita mahali ambapo meli kubwa hazipiti. Walizungumza kwa redio wao kwa wao, kisha mmoja akaiita kwa Kiingereza, akataja na mahali ilipo kwa digrii na dakika. Hapana jibu. Na kwa nini wajibu? Mahali palipotajwa si pao, kwa kadiri walivyojua. Waliitwa, lakini hawakujua kwamba ni wao.

Mlinzi wa upande wa kushoto, baharia mwenye kazi ya kutazama tu, aliarifu kwamba anaona taa ya manjano. Ofisa alimwitikia, asitende neno. Kisha walinzi waliarifu kwamba wanaona taa nyekundu zilizo juu sana. Katika njia ya Boston hapakuwa na taa za namna hiyo. Ofisa aliitikia tena. Boya la pili, BB, halikuonekana katika rada. Nahodha alipokuja akauliza kama limeonekana, alijibiwa kwamba ndiyo. Ofisa yule hakuwa mwongo wa kawaida. Alikuwa ameitazama GPS, ikamwambia kwamba boya wamelipita. Basi kama GPS imelipita, limeonekana. Labda rada tu ndiyo haikulishika. Hivyo ndivyo mtu awezavyo kusema uwongo kwa moyo mweupe, na nahodha, akiwa ametosheka, akatoka.

Mara mlinzi akaarifu tena: mbele yetu maji ni ya buluu na meupe. Kila mtoto wa pwani ajua maana yake. Maji yabadilikapo rangi na kutoa povu pasipo upepo mkali, chini yake pana ardhi.

Na ile mashini ya kupima kina? Ilikuwapo, nayo ilikuwa nzima. Lakini kengele yake ilikuwa imewekwa kwenye mita sifuri, yaani ilie wakati ambapo chini ya meli hamna maji tena. Bandarini huiweka hivyo ili isiwasumbue kwa kelele, na safari hii haikurudishwa.

Saa nne na dakika 25 usiku meli iliyumba, ikalala upande, ikasimama. Ilikuwa juu ya fungu liitwalo Rose and Crown, maili 10 hivi mashariki ya Nantucket. Nahodha aliingia mbio. Ndipo walipomwendea shahidi wa tatu. Loran-C iliwaambia ukweli mara moja: walikuwa maili za bahari 17, yaani kilometa zaidi ya 30, mbali na pale walipodhani. Walikuwa wamepotea kwa saa zaidi ya 30, wala hakuna aliyekuwa na hofu.

Mungu aliwahurumia. Chini palikuwa mchanga, si mwamba. Bahari haikuchafuka sana usiku ule, mapipa ya mafuta hayakupasuka, na hakuna aliyeumia. Kesho yake usiku meli za kuvuta ziliing'oa, ikafika Boston tarehe 12. Hasara ilihesabiwa kuwa dola milioni 7 hivi. Lakini katika maji hayo ya Nantucket, chini kabisa, imelala Andrea Doria.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walichapa habari yao mwaka 1997. Hawakuwalaumu maofisa peke yao. Walilaumu kuitumainia mno mashini, kukosa mafundisho, na pia ubaya wa mashini yenyewe: herufi ndogo, mlio mfupi, na mashini ya usukani isiyoweza kutambua kwamba mwenzake amekuwa kipofu. Sisi tunaona walifanya haki. Ni rahisi kumcheka ofisa wa zamu. Lakini mtu aliyetengeneza chombo kisemacho "sijui" kwa herufi ndogo, na kisemacho "najua" kwa tarakimu kubwa, naye ana sehemu yake katika kosa.

*

Je, tangu hapo mambo yamekuwa salama? Kwa sehemu ndiyo. Kengele zimeboreshwa, na vipokezi vingi vya siku hizi husikiliza vyombo vya Waamerika, vya Warusi, vya Ulaya na vya Wachina pamoja. Lakini tabia ya mwanadamu haikubadilishwa pamoja na vipokezi.

Tarehe 18 Septemba 2013 meli Ovit, iliyochukua mafuta ya mimea toka Rotterdam kwenda Brindisi, ilipanda fungu la Varne katika mlango wa bahari wa Dover, mbele ya Uingereza. Ramani yake haikuwa ya karatasi bali ya umeme, kama ramani za meli nyingi siku hizi. Njia ilikuwa imechorwa na kijana asiye na mazoea, ikapita moja kwa moja juu ya fungu, na hakuna mkubwa aliyeikagua vyema. Kengele ya ramani ile ilikuwa haifanyi kazi. Dakika 19 zilipita kabla ofisa wa zamu hajatambua kwamba meli yake imesimama mchangani.

Tena umeingia uovu mpya. Mawimbi ya GPS yafikapo duniani ni dhaifu sana, kwa kuwa yametoka mbali. Mtu mwenye chombo kidogo cha redio aweza kuyafunika. Mwaka 2008 wakubwa wa minara ya taa ya Uingereza walijaribu kwa makusudi jambo hilo katika meli yao karibu na Flamborough Head, na vyombo vingi katika chumba cha usukani vikaanza kupiga kengele pamoja, maana vingi vilikuwa vikinywa katika kisima kimoja. Mbaya zaidi, mtu mwenye ujuzi aweza kutuma mawimbi ya uwongo yanayofanana na ya kweli. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo kikuu cha Texas, kwa ruhusa ya mwenyewe, waliipotosha hivyo meli ya anasa katika bahari ya Mediteranea: meli ilipinda njia, na kioo kikaonyesha imenyoka. Haikupita miaka mingi, na uwongo huo ulionekana usio wa majaribio. Mwezi wa Juni 2017, katika Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk, GPS ya meli kadhaa ilitangaza kwamba zipo katika uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Mabaharia walitazama nje, wakaona maji pande zote. Tangu wakati huo udanganyifu wa namna hii umeenea mahali pengi palipo karibu na vita.

Uwongo wa kuiweka meli uwanjani kwa ndege si wa hatari sana, kwa sababu hata mtoto ataukataa. Tuogope ule wa maili mbili, maili tatu, unaokua polepole kama ulivyokua ule wa Royal Majesty.

Na yule shahidi wa tatu yuko wapi? Waamerika waliizima Loran-C tarehe 8 Februari 2010. Walisema gharama yake haina faida tena, kwa kuwa GPS yatosha. Miaka mitano baadaye, katika chuo cha maofisa wa jeshi la bahari huko Annapolis, ambako kupima nyota kulikuwa kumeachwa, walirudisha masomo ya sekstanti. Wanafunzi waliokulia na simu mkononi wakafundishwa upya kutafuta nyota ijulikanayo, kuishusha kwa kioo mpaka ukingo wa bahari, kutazama saa na kuandika. Mabaharia Wakristu wa zamani walimwita Bikira Maria Nyota ya Bahari, na chama cha Kanisa kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1920 kwa ajili ya watu wa bahari kinaitwa hivyo hata sasa, Stella Maris. Walioliita jina hilo kwanza walijua nyota ina thamani gani kwa mtu asiye na chombo kingine.

Msafiri akituuliza kama aogope kupanda meli, tutamjibu asiogope. Kanuni ya tano ya bahari yadai kwamba katika kila meli, kila saa, awepo mtu wa kutazama kwa macho na kusikiliza kwa masikio, hata kama chumba kimejaa vioo vya nuru. Katika Royal Majesty kanuni hiyo ilishikwa. Walinzi walikuwapo mahali pao, macho yao yalikuwa mazima, nao walisema walichokiona kila mara walipokiona. Ile taa ya manjano iliarifiwa saa mbili na nusu. Toka neno lile la kwanza hata mchangani zilikuwa zimebaki dakika 115.